Nukta Mkato: Historia ya Kosa Dogo la Kusoma Vidakuzi

Bibi yangu anaishi Samad Ash Shan, katika wilaya ya Al Mudhaibi, Sharqiyah Kaskazini. Alizaliwa Unguja, akasoma huko, na akaja Oman katika miaka ya sabini pamoja na watu wengi waliorudi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Kiarabu cha mazungumzo anakisema vizuri. Kiarabu cha kuandikwa kinampa tabu mpaka leo. Kwa hiyo chama chetu kilipoweka matoleo ya zamani ya jarida hili kwenye tovuti, yeye alikuwa miongoni mwa wasomaji wa mwanzo, na mlalamikaji wa kwanza.

Alinipigia simu Ijumaa moja baada ya sala.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hili gazeti lenu lina nini? Nabonyeza Kiswahili, linakubali. Nikifungua ukurasa wa pili, Kiarabu. Nabonyeza tena, linakubali tena. Nikifungua mwingine, Kiarabu. Mnanifanyia mzaha?”

Kwenye simu yangu kurasa zote zilikuwa za Kiswahili. Kwenye kompyuta ya chumba cha chama, vivyo hivyo. Nikamwambia kwa adabu kwamba huenda anabonyeza pasipo pake, naye akanijibu kwa adabu pia, lakini kwa namna ambayo sikuthubutu kulirudia neno lile. Wiki iliyofuata nilikwenda Samad, nikaishika simu yake mwenyewe. Bibi alikuwa anasema kweli.

Makala haya yanahusu kilichokuwa ndani ya simu ile. Nilitumia siku mbili kukitafuta na dakika kumi kukirekebisha. Halafu nilitumia sehemu kubwa ya muhula kusoma historia yake, kwa sababu sikuamini kwamba jambo dogo kiasi hicho limewapoteza njia watu wenye akili nyingi kwa zaidi ya miaka ishirini, wakiwemo waliojenga zana ambazo sisi tunazitumia kila siku.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kidakuzi ni kipande kifupi cha maandishi ambacho tovuti hukiweka ndani ya kivinjari cha msomaji, na kivinjari hukirudisha kwa tovuti hiyo kila msomaji anapoomba ukurasa mwingine. Kina jina na kina thamani, na katikati yake pana alama ya sawasawa. Si programu, hakifanyi kazi yoyote chenyewe, na wala si mdukuzi, ingawa maneno hayo mawili yanakaribiana masikioni. Bibi aliniuliza swali hilo kabla ya kunikabidhi simu.

Ndani ya simu yake mlikuwa na vidakuzi viwili vilivyotuhusu. Cha kwanza kiliwekwa na msimbo wa kuhesabu wasomaji ambao chama kiliuongeza kwenye tovuti. Kiliandika lugha ya simu yenyewe, na simu ya bibi ilipangwa kwa Kiarabu na mjomba aliyemnunulia. Cha pili tulikiweka sisi pale alipobonyeza Kiswahili. Skripti ya ukurasa ilipoomba kuviona vidakuzi, kivinjari kiliipa mstari mmoja tu:

userlang=ar; lang=sw

Mwanafunzi aliyetutangulia, aliyeiandika skripti hiyo, aliiagiza itafute mahali zinapoanza herufi “lang=” kisha isome kinachofuata. Msomaji makini ameshaona. Herufi hizo zimo mara mbili katika mstari, na mara ya kwanza zimo tumboni mwa “userlang=”. Skripti ikasoma “ar”, ikaridhika, ikamletea bibi Kiarabu.

Kwa nini basi simu yangu ilikuwa salama? Hapo ndipo siku mbili zilipokwenda. Vivinjari hupanga vidakuzi kwa utaratibu: vikiwa vya njia moja, kilichoundwa mapema hutangulia. Mimi nilichagua Kiswahili kabla hatujaongeza msimbo wa kuhesabu, kwa hiyo kwangu “lang=sw” ilikuja mbele na skripti ikaikuta kwanza. Bibi alifika baada ya msimbo ule, na kwake mambo yakawa kinyume. Kubonyeza tena hakukusaidia kitu, kwa sababu kidakuzi kikiandikwa upya kwa jina lilelile hubaki na tarehe yake ya kuzaliwa, na zamu yake haibadiliki. Yaani wote tuliojenga tovuti tulikuwa wazima, na kila mgeni aliyekuja baadaye alikuwa mgonjwa. Sijui kama kuna namna mbaya zaidi ya kosa kujificha.

Sasa turudi nyuma.

Mtandao wa kurasa ulibuniwa bila kumbukumbu. Kivinjari huomba ukurasa, seva hutoa, na hapo hapo seva husahau kwamba mtu yule aliwahi kufika. Kwa anayesoma makala hilo halina ubaya. Kwa mwenye duka ni balaa: mteja anatia kitu kwenye kapu, anageuka kutazama rafu nyingine, akirudi muuzaji hamjui na kapu halipo. Mwaka 1994 kampuni changa ya California iliyokuja kujulikana kama Netscape ilikuwa inatengeneza kivinjari, na mmoja wa wateja wake, kampuni ya simu ya MCI, alitaka duka la mtandaoni lakini hakutaka seva zake zibebe kumbukumbu za manunuzi ambayo hayajakamilika. Mhandisi wa Netscape, Lou Montulli, akaja na wazo la kuiweka kumbukumbu kwa mteja mwenyewe. Seva impe karatasi ndogo, na mteja airudishe kila anapokuja. Watengeneza programu wa Unix walikuwa tayari na msemo kuhusu biskuti ya kimazingaombwe, wakimaanisha kipande cha data unachopewa, unakitunza bila kukifungua, na unakirudisha kama kilivyo. Jina likatoka huko. Toleo la majaribio la kivinjari lililotolewa tarehe 13 Oktoba 1994 lilikuwa na uwezo huo, na tovuti ya kwanza kuutumia ilikuwa ya Netscape wenyewe, iliyotaka kujua tu kama mgeni aliwahi kufika.

Maelezo rasmi yalikuwa waraka mfupi ambao ulijiita wa awali. Ulisema thamani ya kidakuzi isiwe na nukta mkato, wala mkato, wala nafasi. Mtu akihitaji alama hizo, ulipendekeza azifiche kwa njia fulani, kwa mfano ile ya alama ya asilimia inayotumika kwenye anwani za tovuti. Kisha ukaongeza kwamba hakuna njia maalumu iliyowekwa wala inayolazimishwa.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, na kwa maoni yangu kila kilichofuata kinatoka hapo. Simlaumu aliyeiandika. Kampuni ilikuwa inakimbizana na wakati, na hakuna aliyejua kwamba karatasi ile ya kapu la duka itakuja kubeba funguo za benki za dunia nzima. Lakini iliacha mambo mawili wazi. Alama za mpaka, zile zinazosema kidakuzi hiki kimeishia hapa, zilikuwa herufi za kawaida ambazo mtu yeyote anaweza kuzichapa. Na namna ya kuzificha ilikuwa hiari ya kila mtu.

Anayetoka kwenye mfumo wa falaji ataliona jambo hili haraka kuliko wengine. Samad maji ya falaji hupita katika mfereji mmoja, na shamba lako na la jirani yako yanakunywa maji yaleyale. Kinachotenganisha hisa yako na yake ni wakati: athari moja ni kama nusu saa, na zamani mchana waliipima kwa kivuli cha mti uliosimamishwa, usiku kwa nyota. Maji yenyewe hayana alama. Mpaka uko nje yake, juani au angani, na hakuna awezaye kuumwaga mfereji mzima kwa kutia kitu ndani ya hisa yake. Katika mstari wa vidakuzi mpaka umo ndani ya maji. Yeyote anayeruhusiwa kumimina chochote anaweza kumimina mpaka.

Mei 1995 Brendan Eich, naye wa Netscape, aliandika katika siku kumi lugha ya skripti ambayo baadaye iliitwa JavaScript. Ilipotoka na Netscape 2.0 mwaka 1996 iliruhusu ukurasa wenyewe, ndani ya kivinjari, kuandika na kusoma vidakuzi. Lakini mlango uliofunguliwa ulikuwa wa ajabu. Ukiandika, unaandika kidakuzi kimoja. Ukisoma, unapewa vyote kwa mpigo, vimeunganishwa katika mstari mmoja kwa nukta mkato na nafasi. Hakukuwa na njia ya kusema “nipe kile kinachoitwa lang”. Kila mwandishi wa ukurasa, duniani kote, akalazimika kujitengenezea chombo chake cha kuuchambua mstari ule, na wengi walinakili cha mwenzao. Ndivyo mtangulizi wetu alivyofanya. Maagizo ya aina ya “tafuta lang=” yalisambaa kwa sababu ni mafupi, yanaeleweka, na yanafanya kazi siku ya majaribio, wakati kuna kidakuzi kimoja tu. Kivinjari cha Chrome kilikuja kupewa njia ya kuomba kidakuzi kwa jina lake mwaka 2020. Hesabu mwenyewe tangu 1994.

Watu walijifunza, lakini kila nyumba kwa wakati wake. Mwongozo wa kiunzi cha Django, ambacho tovuti yetu imejengwa juu yake, uliwapa wasomaji skripti fupi inayokata mstari kwenye nukta mkato, inaondoa nafasi pembeni, kisha inalinganisha mwanzo wa kila kipande na jina zima pamoja na alama yake ya sawasawa. Hilo ndilo nililofanya katika dakika zangu kumi. “userlang=” haianzi kwa “lang=”, basi. Bibi akapata Kiswahili chake.

Raha hiyo ilidumu siku tisa. Tulikuwa tumeweka kisanduku ambapo msomaji anaandika jina lake, ili likumbukwe anapotaka kutoa maoni. Msomaji mmoja aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, na kuanzia hapo tovuti haikumfungukia vizuri tena: vitufe vyote vilikufa. Sisi sote tulikuwa tumejaribu kwa herufi za Kirumi, kama tunavyoandika Kiswahili chetu.

Sababu yake ni tawi la pili la historia hii, lile la namna ya kuficha alama. JavaScript ya mwanzo ilikuwa na amri iitwayo escape. Herufi za kawaida za Kirumi iliziacha kama zilivyo, lakini herufi kama za Kiarabu iliziandika kwa mtindo wake wa pekee: alama ya asilimia, herufi u, kisha namba nne. Salim likiandikwa kwa Kirumi linabaki Salim. Likiandikwa kwa Kiarabu linakuwa %u0633%u0627%u0644%u0645. Mtindo huo haukuwahi kuwa sehemu ya kanuni za anwani za mtandao. Toleo la tatu la kanuni za lugha hiyo, la Desemba 1999, lilileta amri mpya, encodeURIComponent na mwenzake wa kufumbua, zinazofuata usimbaji wa UTF-8. Hao wapya hawamwelewi yule wa zamani. Ukimpa mfumbuaji mpya “%u0633” hakurudishii kitu kilichokosewa kidogo, bali anatupa kosa, na kosa lisipodakwa skripti yote inasimama. Tovuti yetu iliandika kwa amri ya zamani na kusoma kwa mpya. Vipande viwili, wanafunzi wawili, miaka tofauti. Waliokuwa na majina ya Kirumi hawakuguswa, na waliokuwa na majina ya Kiarabu walifungiwa mlango. Nasema hili kwa aibu kidogo, kwa kuwa sisi ni chama cha Kiswahili ndani ya nchi ya Kiarabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kujaribu kuandika jina la baba yake kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Hatukuwa peke yetu. Watengenezaji wa AngularJS, kiunzi cha skripti cha Google kilichotumika sana katika miaka ya 2010, waliingiza kwenye kisomeo chao cha vidakuzi kazi ndogo inayojaribu kufumbua thamani na, ikishindikana, inairudisha thamani kama ilivyokuja badala ya kuangusha programu nzima. Kidakuzi kibovu kinaweza hata kuwa si chako, kimewekwa na msimbo wa mtu mwingine kwenye tovuti hiyohiyo, na hakuna sababu kikuangushe wewe. Katika msimbo huohuo kuna maelezo mengine yaliyonifurahisha: majina mawili yakifanana, linashikwa la kwanza, kwa sababu ndilo la njia iliyo mahususi zaidi. Ni mistari michache tu. Ukiisoma bila historia unaona uchovu wa mtu, ukiisoma na historia unaona makovu.

Wakati kurasa zinajifunza kwa kuanguka, wenye kanuni walikuwa wanajaribu kupanga mambo kwa maandishi. Februari 1997 David Kristol na Montulli walitoa RFC 2109, waraka wa kwanza wa viwango wa vidakuzi. Mwaka mmoja nyuma, Februari 1996, gazeti la Financial Times lilikuwa limewafumbua macho watu wa kawaida kwamba vitu hivi vipo ndani ya kompyuta zao, na mjadala wa faragha ulichukua nguvu nyingi za kamati. Mimi najali hapa jambo dogo zaidi. Waraka ulisema nukta mkato ndiyo kitenganishi, lakini seva zikubali pia mkato, kwa ajili ya siku zijazo. Uliruhusu pia thamani kufungwa kwa alama za kunukuu. Siku hizo zijazo hazikufika. Waraka wa pili, RFC 2965 wa Oktoba 2000, ulileta kidakuzi cha aina mpya kabisa, na vivinjari vikubwa vikaupita kama hawakuuona. Lakini waandishi wa maktaba za seva walikuwa wametii. Wale wa Python waliandika kisomeo chao kwa kufuata RFC 2109, halafu wakagundua kwamba kivinjari cha Microsoft cha enzi hizo hakifuati kanuni za herufi, wakalegeza. Maelezo ya maktaba hiyo yanakiri hilo waziwazi.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 2000 palikuwa na lugha mbili za mpaka mmoja. Kivinjari kilijua nukta mkato tu. Seva ilijua nukta mkato na mambo mengine ambayo kivinjari hakikuwahi kuyasikia.

Aprili 2011 Adam Barth alitoa RFC 6265, na alifanya kitu ambacho naona kilihitaji unyenyekevu. Badala ya kuagiza vivinjari vifanye nini, alichunguza vinafanya nini, akakiandika hicho. Waraka wake una sheria mbili. Kwa seva inayotoa vidakuzi, masharti makali: tumia herufi hizi tu. Kwa kivinjari kinachopokea, utaratibu wa hatua kwa hatua unaokubali karibu uchafu wote: kata kwenye nukta mkato ya kwanza, kata kwenye alama ya sawasawa ya kwanza, ondoa nafasi, endelea. Aliyebaki katikati bila sheria ya wazi ni msomaji wa upande wa seva, ambaye anapokea mstari uliotoka kwenye kivinjari kisichochagua. Na huko ndiko lilikotoka kosa ambalo ningependa kila mwanachama anayeandika msimbo alijue.

Django ilianzia mwaka 2003 katika gazeti la mji mdogo wa Lawrence, Kansas, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walihitaji kujenga kurasa haraka kama habari zinavyokuja. Ilitolewa kwa watu wote Julai 2005, ikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Leo inafundishwa na kutumika Afrika Mashariki pia, na Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar. Nilipomwambia bibi kwamba watu wa kompyuta kutoka bara zima walikutana Unguja, aliuliza walikula nini.

Kiunzi hiki kina kinga dhidi ya maombi ya kughushi. Fikiria umeingia kwenye tovuti ya benki, na kwenye dirisha jingine umefungua tovuti ya tapeli. Ukurasa wa tapeli unaweza kukiagiza kivinjari chako kipeleke fomu benki, na kivinjari kitaambatanisha vidakuzi vyako vya benki bila kuuliza. Kinga ya Django ilikuwa hii: benki inaweka kidakuzi chenye neno la siri, na kila fomu halali inabeba neno linalokubaliana nalo. Tapeli hawezi kukisoma kidakuzi cha benki, kwa hiyo hawezi kuijaza fomu yake sawasawa. Kinga nzima imesimama juu ya jambo moja, kwamba tapeli hawezi kuchagua kilichomo ndani ya kidakuzi kile.

Tovuti nyingi zilikuwa zinatumia pia Google Analytics kuhesabu wageni. Toleo lake la zamani liliweka kidakuzi kiitwacho __utmz, na ndani yake liliandika mgeni ametokea wapi, pamoja na sehemu ya anwani ya ukurasa aliotokea. Nani anachagua anwani ya ukurasa huo? Mwenye ukurasa, ambaye anaweza kuwa tapeli. Angeweza kuuita ukurasa wake jina lenye mabano ya mraba, na baada ya mabano aandike jina la kidakuzi cha kinga, alama ya sawasawa, na neno alilolichagua yeye. Kivinjari hakikuona kitu. Kwake mabano ni herufi kama nyingine, na yote hayo yalikuwa thamani moja ndefu ya __utmz. Kisomeo cha Python kilikuwa na orodha ya herufi halali, na mabano ya mraba hayakuwemo. Kilipoyafikia kiliona thamani imekwisha, kikaruka mbele kutafuta jina linalofuata, na kikalikuta: kidakuzi kipya, kilichozaliwa njiani, ambacho hakuna kivinjari kilichowahi kukituma. Tapeli sasa alijua neno la siri, kwa kuwa alikuwa ameliandika mwenyewe.

Ni kosa lilelile la bibi. Kwake skripti iliona jina ndani ya jina. Hapa seva iliona kidakuzi ndani ya kidakuzi. Tofauti ni kwamba kwake alipoteza lugha, na hapa mtu angeweza kupoteza akaunti.

Aliyeligundua ni mtafiti wa usalama Sergey Bobrov. Django ilitoa marekebisho tarehe 26 Septemba 2016, katika matoleo 1.8.15 na 1.9.10, na kosa likaorodheshwa kwa namba CVE-2016-7401. Kinachonivutia ni sura ya marekebisho yenyewe. Mtu angedhani wataongeza mabano kwenye orodha ya herufi halali, kisha wataongeza kinga ya pili na ya tatu. Hawakufanya hivyo. Waliacha kutumia kisomeo cha Python kwa kazi hii, wakaandika chao chenye mistari michache: kata kwenye nukta mkato, kata kwenye alama ya sawasawa ya kwanza, ondoa nafasi. Walisema wazi kwamba kisomeo kipya kitakubali hata vidakuzi visivyo halali kwa mujibu wa RFC 6265, ilimradi ni vile ambavyo kivinjari kinaweza kuvituma. Yaani walichagua kuusoma mstari kama alivyouelewa aliyeutuma, hata pale waraka unaposema vingine. Python nayo imekaza kisomeo chake na kuyapa mabano nafasi ndani ya thamani.

Sisi tumebaki na kazi. Nilipoipekua tovuti ya chama nilikuta maagizo yale ya “tafuta lang=” yamenakiliwa kwenye kurasa nne. Tatu nimezirekebisha, na amri ya escape nimeiondoa kila mahali, baada ya kuweka njia ya kuwasomea waliokwisha kuandikiwa majina kwa mtindo wa zamani. Ukurasa wa nne ni ule wa kuagiza nakala za karatasi, na utasubiri mitihani iishe. Kwa sasa, anayeagiza kwa simu iliyopangwa kwa Kiarabu ajue kwamba fomu itamjia kwa Kiarabu hata akichagua Kiswahili. Bibi ameshapata nakala zake kwa mkono. Sasa analalamika kwamba maandishi ni madogo.